Fundi, bingwa, gwiji: ubishi wa nani mkubwa wa mpira

Juzi baada ya Isha nilikaa Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, kikombe cha kahawa mkononi, na ubishi ulikuwa uleule wa miaka yote: nani mkubwa wa mpira. Kijana mmoja, wa umri wa kumaliza skuli, alisema Messi ana Ballon d'Or nane, zile tuzo za mchezaji bora wa mwaka, na maneno yaishie hapo. Muuza kahawa, mzee ambaye nimemkuta pale tangu nikiwa mtoto, alilirudisha dele kwenye mkaa akamuuliza kwa upole, "Na Pelé anazo ngapi, mwanangu?"

Kijana akafungua simu, akatafuta, akatafuta tena. "Hana hata moja aliyoshinda, ami."

"Basi Pelé hakujua mpira?"

Kila mtu akasema lake kwa wakati mmoja, na swali la mzee likazama katikati ya makelele. Nimelibeba mpaka nyumbani, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Jawabu lake ni hili. Tuzo ile ilianzishwa 1956 na jarida la Ufaransa, France Football, na kwa karibu miaka 40 ilikuwa ya wachezaji wenye uraia wa nchi za Ulaya tu. Mlango ulifunguliwa 1995 kwa mchezaji wa taifa lolote, alimradi achezee klabu ya Ulaya, na mwaka huohuo ikachukuliwa na Mwafrika, George Weah wa Liberia. Ilipofika 2007 ndipo ikawa ya dunia nzima. Pelé, aliyecheza Santos ya kwao Brazil na kumalizia New York Cosmos, hakuwa na njia ya kuipata hata angefunga kila siku. Maradona alicheza Barcelona na Napoli, lakini pasi yake ya kusafiria ilikuwa ya Argentina, naye akakosa. Baadaye wote wawili walipewa tuzo za heshima. Pelé aliipokea yake 2014, akiwa na miaka 73. Kumlinganisha Messi na Pelé kwa kuhesabu Ballon d'Or ni kuwalinganisha wavuvi wawili kwa samaki waliowaleta pwani, na mmoja wao alikatazwa kuingia baharini.

Ubishi wetu haumaliziki kwa sababu tunatumia neno moja, "bora", kwa mambo ambayo Kiswahili chenyewe kimeyatenganisha zamani. Tunasema fundi kwa yule ambaye mpira unamtii. Tunasema bingwa kwa aliyenyanyua kombe. Gwiji, au nguli, ni yule aliyedumu mpaka jina lake likawa zito. Mtu anaweza kuwa fundi na asiwe bingwa, akawa bingwa na asiwe fundi, na wapo waliokuwa moto wa miaka mitatu wakazimika kabla hawajafika kwenye ugwiji. Barzani mmoja anatetea ufundi, mwenziwe anatetea makombe, wa tatu anatetea miaka, na kila mmoja anadhani anajibiwa.

Nianze na ufundi, maana huo ndio unaotupeleka uwanjani.

Kila mtaa wa Unguja na Pemba una fundi wake. Ukienda Jambiani maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, bahari hurudi nyuma mpaka mchanga ukawa mpana kuliko kiwanja chochote cha serikali. Vijana huchomeka vijiti viwili huku na viwili kule, na mpira unaanza. Mchanga ule una maji bado. Mpira hautelezi sawasawa, huzama kidogo, halafu hukwama kwenye kidimbwi, na anayekimbia nao lazima aubebe kwa ncha ya kidole kila hatua. Nimemwona pale mtoto asiyezidi miaka 14 akipitisha tobo mbili, mpira kati ya miguu ya mtu, kwa pumzi moja, kisha akamvalisha kanzu kaka yake, yaani akaurusha juu ya kichwa chake na kuukuta nyuma. Miguu ya namna ile haifundishwi.

Basi kwa nini mtoto yule bado si Maradona? Hebu tuliangalie bao lenyewe, lile la tarehe 22 Juni 1986, uwanja wa Azteca, jiji la Mexico, robo fainali ya Kombe la Dunia, Argentina dhidi ya Uingereza. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, na mechi ilianza saa sita mchana, jua la utosini. Dakika ya 55 Maradona anaupokea mpira akiwa bado upande wa kwao, mgongo kwa goli, Waingereza wawili wakimbana. Anageuka kwa mzunguko mmoja na wote wawili wanabaki nyuma. Anakimbia na mstari wa kulia. Terry Butcher anakuja, anapitwa. Terry Fenwick anakuja, anapitwa. Butcher anamfukuzia tena na kumtupia mguu ndani ya boksi. Kipa Peter Shilton anatoka, anahadaiwa upande mmoja, na mpira unaingia upande wa pili. Aliugusa mara 11, zote kwa mguu wa kushoto, kwa muda wa sekunde kama kumi. Refa alikuwa Ali Bennaceur wa Tunisia, na angeweza kupuliza faulo njiani, lakini aliacha mchezo uendelee. Dakika nne kabla, refa huyohuyo hakuuona mkono wa Maradona katika bao la kwanza.

Mzee wa kahawa aliliona bao hilo kwenye kaseti ya video iliyozunguka mtaani kwao mpaka picha ikafifia. Anasema walikuwa wakiirudisha nyuma kutazama miguu ya mabeki badala ya miguu ya Maradona, na kila mmoja alikuwa amesimama pale anapotakiwa kusimama. Hilo ndilo jambo lenyewe. Tobo la Jambiani linapigwa kwa mtu aliyeghafilika. Waingereza wale hawakughafilika. Walikuwa mabeki wa daraja la kwanza, wamejipanga, wanamjua anayekuja na wanajua anatumia mguu upi, na bado hawakuwa na la kufanya. Ufundi wa mkubwa ni ule unaobaki mzima watu wakishaujua, wakishaufanyia mazoezi ya kuuzuia, jua likiwaka na dunia ikitazama. Garrincha wa Brazil, mwenye miguu iliyopinda, alikuwa na chenga moja tu, ya kutokea kulia. Mabeki wote waliijua. Iliwapita miaka kumi.

Katika mashindano yale ya 1986 Argentina ilifunga mabao 14. Maradona alifunga matano na kutoa pasi za matano mengine. Nazitaja namba hizi kwa sababu mimi siamini kwamba namba hazina maana, kama baadhi ya wazee wetu wanavyosema. Zina maana zikisomwa pamoja na mahali zilipotoka.

Pelé huhesabiwa mabao 1,283. Humo mna mechi nyingi za kirafiki, kwa kuwa Santos ilikuwa ikizunguka dunia kama kikundi cha taarabu chenye mwimbaji mmoja ambaye kila mji unamtaka. Ukizitoa za kirafiki, yanabaki mabao mia saba na ushei. Vijana wakisikia hivyo wanadhani wamegundua wizi. Lakini mechi nyingine za "kirafiki" zilikuwa dhidi ya klabu kubwa za Ulaya zilizotaka kumvunja mbele ya watu wake. Messi naye alifunga mabao 91 katika mwaka mmoja, 2012, na hakuna anayeweza kulipuuza hilo. Ila alicheza katika zama ambazo nyasi ni kama zulia, daktari yuko pembeni, na anayemkwatua mtu kwa nyuma anatolewa kwa kadi nyekundu.

Hapo kwenye zama pana haja ya kukaa kidogo. Kombe la Dunia la 1966 lilichezwa Uingereza bila kadi ya njano wala nyekundu, zilianza 1970. Kubadilisha mchezaji katika Kombe la Dunia nako kulianza 1970. Mwaka ule wa 1966 Pelé alipigwa mateke na Wabulgaria katika mechi ya kwanza hata akaikosa ya pili. Katika ya tatu, dhidi ya Ureno, alikanyagwa tena, na kwa kuwa hapakuwa na ruhusa ya kuingiza mtu mwingine, alirudi uwanjani akichechemea mpaka mwisho. Brazil ikatolewa. Ukiniuliza Pelé angefunga mangapi leo, au Messi angedumu miaka mingapi wakati ule, sina mizani ya kupimia hilo, na wala hakuna aliye nayo. Ninachoweza kumpima nacho mchezaji ni umbali aliowaacha wenzake waliocheza naye siku zile, kwenye nyasi zilezile, chini ya marefa walewale. Kwa mizani hiyo Pelé wa miaka 17, aliyefunga mabao sita katika Kombe la 1958, mawili kati yake kwenye fainali dhidi ya Uswidi, moja baada ya kuushusha mpira kifuani na kumvalisha kanzu beki, alikuwa peke yake mbele kabisa.

Namba zinadanganya kwa njia nyingine pia. Just Fontaine wa Ufaransa, mzaliwa wa Marrakech, alifunga mabao 13 katika Kombe hilohilo la 1958. Kumi na matatu katika mashindano mamoja! Miroslav Klose wa Ujerumani alifikisha mabao 16 ya Kombe la Dunia alipomaliza 2014, na wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa nayo mengi zaidi. Nimekaa barza nyingi na sijawahi kumsikia mtu akiwaweka wawili hao pamoja na Pelé na Maradona. Watu wetu hawakusoma takwimu, lakini wanahisi tofauti ya aliyemaliza kazi iliyoandaliwa na aliyeianzisha mwenyewe.

Ugwiji, yaani kudumu, nitausemea kwa ufupi. Cristiano Ronaldo ndiye hoja yake kubwa: Ballon d'Or tano, Ligi ya Mabingwa mara tano na klabu mbili, na mabao ya timu ya taifa yaliyopita 130, mengi akiwa na umri ambao wengine wameshakuwa makocha. Upande wa pili yupo Ronaldo wa Brazil, ambaye msimu wa 1996–97 alifunga mabao 47 katika mechi 49 za Barcelona, kisha goti likamkatikia mara mbili, na bado akarudi kufunga mabao manane katika Kombe la 2002. Anayethamini miaka atamchagua Mreno. Anayethamini kile alichokiona siku moja na hakijamtoka akilini atamchagua Mbrazili. Mimi ni wa kundi la pili, na sioni kwamba wa kundi la kwanza wamekosea; tunapenda vitu tofauti.

Kwenye makombe ndipo ninapotofautiana na barza yetu kabisa.

Kwa miaka mingi Messi alikuwa akiambiwa hajafika kwa sababu hana Kombe la Dunia. Alipoteza fainali ya 2014. Alipoteza fainali za Copa América 2015 na 2016, na hiyo ya mwisho alikosa penalti akatangaza kuiacha timu ya taifa kabla ya kurudi. Tarehe 18 Disemba 2022, Qatar, Argentina na Ufaransa wako 3–3, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Randal Kolo Muani wa Ufaransa anabaki uso kwa uso na kipa Emiliano Martínez. Anaupiga kwa nguvu. Martínez anatanua miguu na mikono, na mpira unagonga mguu wake. Zikaja penalti, Argentina ikashinda, na usiku uleule mtaani kwetu watu waliokuwa wakimkataa Messi walitoka na bendera.

Nawauliza wenzangu: mguu wa Martínez ungechelewa kidogo tu, miguu ya Messi ingepungua nini? Mabao yake saba ya mashindano yale yangefutika? Pasi zake zingegeuka mbovu? Alikuwa amesimama mbali sana na tukio lile, hana uwezo wowote juu yake. Kombe linachukuliwa na watu 11 na waliokaa benchi, na bahati yao. Alfredo Di Stéfano aliiongoza Real Madrid kuchukua Kombe la Ulaya mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960, akafunga katika kila fainali, na hakucheza hata dakika moja ya Kombe la Dunia. Johan Cruyff alilikosa 1974, Uholanzi ilipofungwa 2–1 na Ujerumani Magharibi, na bado timu iliyopoteza ndiyo iliyoacha mafunzo: leo ukiona beki anapanda na kiungo anashuka kuziba nafasi yake, au kipa anacheza kwa miguu kama mtu wa ndani, unaona mkono wa Ajax na wa Cruyff, kwanza kama mchezaji kisha kama kocha wa Barcelona. Sitawahi kukubali kwamba mtu aliyewabadilishia wote namna ya kucheza ni mdogo kuliko aliyekuwa benchi siku kombe linanyanyuliwa.

Hata hivyo naelewa kwa nini watu hung'ang'ania Kombe la Dunia. Ukubwa unahitaji mashahidi, na kule ndiko mashahidi walikojaa. Jambo hili sisi Wazanzibari tunalijua kwa uchungu.

Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Mchezaji wetu akitaka Kombe la Dunia au AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, njia ni Taifa Stars, timu ya Tanzania, na Tanzania haijawahi kufika Kombe la Dunia. Machi 2017 tuliingia CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kama mwanachama kamili, wa 55; mwezi wa Julai mwaka huohuo tukaondolewa. Mashindano yaliyobaki ya kuvaa jezi yetu wenyewe ni yale ya CECAFA, ukanda wa Afrika Mashariki na Kati, ambayo timu yetu, Zanzibar Heroes, iliyachukua 1995 huko Uganda, na Disemba 2017, miezi mitano tu baada ya kutolewa CAF, ikafika fainali Machakos na kufungwa na wenyeji Kenya kwa penalti baada ya sare ya 2–2. Klabu zetu zinacheza mashindano ya Afrika, kweli. Lakini mchezaji anayebaki kwenye viwanja vyetu vya Mao Zedong, Amaan au Gombani maisha yake yote ana mashahidi wachache, na wachache hao wanazeeka.

Usiku ule kijana alimgeuzia mzee swali: "Na wewe ami, nani uliyemwona kwa macho yako?" Mzee akamtaja winga mmoja wa zamani aliyemwona Mao, uwanja ukiwa bado vumbi, aliyekuwa akiupiga mpira mbele ya beki upande mmoja na yeye kupita upande wa pili, wakakutana nyuma ya beki. Alisimama kutuonyesha, kikombe mkononi, bega likishuka kushoto. Kijana akaandika jina lile kwenye simu. Halikuleta kitu. Hapana picha, hapana kaseti, na waliokuwepo siku ile wamebaki watatu au wanne. Siwezi kuapa kwamba winga yule alikuwa sawa na Garrincha. Ila yeyote anayetoa orodha ya wakubwa wa dunia ajue kwamba orodha ile imeanza kuchujwa mapema sana, kabla ya mpira kupigwa, kwa mipaka, uanachama na kamera.

Jirani yetu wa pwani hii ya Bahari ya Hindi anaonyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Eusébio alizaliwa 1942 katika mtaa wa Mafalala, Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Utotoni alicheza peku na wenzake katika timu ya mtaani waliyoiita Os Brasileiros, Wabrazili. Msumbiji ilikuwa koloni, kwa hiyo alipokwenda Kombe la Dunia la 1966 alivaa jezi ya Ureno. Ndiye aliyefunga mawili katika mechi ileile ambayo Pelé alichechemea. Katika robo fainali Korea Kaskazini ilitangulia 3–0 ndani ya dakika 25. Eusébio akafunga manne, Ureno ikashinda 5–3. Alimaliza na mabao tisa. Kipaji kilitoka Mafalala chote, na jukwaa lilikuwa mali ya mwingine. Angebaki nyumbani, huenda leo angekuwa jina linalotajwa barzani Maputo na mzee mmoja mwenye kikombe mkononi.

Kuna ukubwa mwingine ambao sisi watazamaji tunauonea: wa wanaozuia. Katika miaka yote ya Ballon d'Or kipa aliyeichukua ni mmoja, Lev Yashin wa Umoja wa Kisovieti, 1963. Mabeki ni wa kuhesabu kwa vidole. Fabio Cannavaro aliichukua 2006, mwaka aliokuwa nahodha wa Italia bingwa wa dunia. Kwa beki wa kati alikuwa mfupi, kama mita 1.75, na Italia ile ilifungwa mabao mawili tu katika mechi saba: moja walijifunga wenyewe, jingine penalti ya Zidane kwenye fainali. Yaani hapana adui aliyewafunga mpira ukiwa unachezwa. Kazi ya beki ni kufanya jambo lisitokee, na lisilotokea halina picha ya kurudiwa.

Hapa kwetu nasi tulikuwa na Cannavaro wetu. Nadir Haroub, Mzanzibari, aliyekuja kuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, aliitwa Cannavaro na nchi nzima, hata wapo waliosahau jina alilopewa na wazazi wake. Jina lile halikutolewa na kamati. Watu walimtazama akiruka na kukata mpira mbele ya majitu, wakatafuta neno la kukielezea kile kitu, na neno lililokuwepo lilikuwa jina la mtu wa Napoli.

Kwangu mimi kipimo kiko hapo, na nakiamini kuliko tuzo yoyote. Mchezaji amefika kwa wakubwa wa siku zote pale jina lake linapomtoka na kuwa neno la watu wengine. Abedi Ayew wa Ghana, mchezaji bora wa Afrika mara tatu, dunia ilimwita Abedi Pelé. Watoto wa Mafalala walijiita Wabrazili bila kuwahi kufika Brazil. Ukisema "huyu Maradona" kwa mtu yeyote kutoka Micheweni hadi Makunduchi, haulizi maana yake. Anajua unasema juu ya mfupi, mguu wa kushoto, peke yake dhidi ya wote. Fontaine hakuwa neno. Klose hakuwa neno. Cruyff amekuwa jina la chenga yenyewe, ile ya kuuvuta mpira nyuma ya mguu wa pili aliyomfanyia beki wa Uswidi 1974. Weah, ambaye hakulicheza Kombe la Dunia hata mara moja, alikuwa neno Afrika nzima.

Kipimo hiki nacho kina kasoro yake, na mzee aliniambia nilipomweleza: jina husafiri pale picha inaposafiri, kwa hiyo nimerudi kwenye kamera zilezile. Kweli. Sina jawabu kamili kwa hilo.

Wiki iliyopita nilikuwa tena Jambiani, saa kumi za jioni, maji yakianza kujaa. Wanawake wa mwani walikuwa wamesharudi, na vijana walikuwa wamebakiwa na ukanda wa mchanga usiozidi hatua 20 kwa upana, wanaukimbilia mpira huku povu la bahari likiwafika vifundoni. Yule mtoto wa miaka 14 aliomba pasi, na mwenzake akamwita kwa nguvu ili asikike juu ya upepo. Nilitarajia kusikia Messi, au Mbappé. Alimwita "Fei!", jina la Feisal Salum, kijana wa Unguja aliyetoka klabu ya JKU akaenda Yanga na Azam na kuvaa jezi ya Taifa Stars. Mtoto akaupokea kwa paja, akageuka, na maji yakalivuka goli la upande wa kusini kabla hajafika.